Acheni kubandika kaseti za shosho kwa ukuta

Nianze na aibu yangu ndio msiseme nawahubiria. Mwaka jana nilibandika kaseti kumi na nne kwa ukuta wa keja yangu hapa Zimmerman. Ilikuwa ya kupigia video. Hiyo luku mnaijua: taa za zambarau kwa chini, kaseti zimepangwa kama matofali, na tatu hivi nimezivuta utepe ukaninginia kama nywele. Nilitumia ile gundi ya kuyeyusha kwa moto, zikashika kabisa. Video ya kwanza niliyopiga mbele ya huo ukuta ndiyo imewahi kufanya vizuri kuliko zote, na komenti karibu zote zilikuwa za ukuta. Hakuna mtu alijali nilichokuwa nikisema.

Kaseti nilizitoa kwa shosho, Njoro. Zilikuwa kwa boksi la viatu chini ya kitanda chake, na sikuiba, niliomba. Nilimuuliza, "Shosho, hizi bado unazitumia?" Akacheka, akasema redio yenyewe ilikufa kitambo. Mimi nikachukua hiyo kama ruhusa.

Wiki mbili baadaye binamu yangu akamwonyesha ile video kwa simu. Jioni hiyo hiyo shosho akanipigia. Hakuuliza habari za kazi. Aliuliza swali moja tu: "Mzee wangu, ile ya kijani umeiweka wapi?"

Ananiita mzee wake kwa sababu mimi ndiye kijana wa kwanza wa kijana wake, na kwetu huyo huitwa jina la guka. Kwa hivyo kwa shosho mimi ni bwanake aliyerudi akiwa mdogo na asiye na kazi. Anapenda kunikumbusha hiyo sehemu ya pili, hasa tangu niache kampasi mwaka wa pili.

Ile ya kijani haikuwa muziki. Ilikuwa barua.

Guka alifanya kazi ya reli Mombasa miaka ya themanini, na shosho hakuwa anajua kusoma. Barua ya karatasi ilimaanisha kuita mtu wa kukusomea, na huyo mtu akishasoma, kijiji kizima kinajua pesa ngapi zimetumwa na nani anadai nani. Kwa hivyo guka alikuwa anaazima redio kaseti ya rafiki yake, anakaa kitandani, anabonyeza vile vifungo viwili kwa pamoja, anaongea na bibi yake. Akimaliza, anampa kaseti mtu anayesafiri. Shosho akishasikiza, anarekodi majibu juu ya hiyo hiyo au kwa upande wa pili, nayo inarudi Mombasa.

Guka alifariki 1994. Mimi nimezaliwa karibu miaka kumi baadaye. Hakuna mjukuu hata mmoja aliyewahi kusikia sauti yake. Na mimi nilikuwa nimembandika kwa ukuta na gundi.

Nilipoanza kuulizia, niligundua hii kitu haikuwa yetu peke yetu. Ongea na mtu ambaye familia yake ni ya Mombasa au Lamu na walikuwa na ndugu Uarabuni, atakwambia kaseti zilikuwa zinatumwa na wasafiri, zimejaa salamu na vilio vya watoto. Wasomali nao walituma sana, kwa sababu lugha yao haikupata maandishi rasmi mpaka 1972, na hata baada ya hapo watu wengi waliamini sauti kuliko karatasi. Kampuni ya Philips ilipoonyesha kaseti kwa mara ya kwanza kule Berlin mwaka 1963, ilikuwa kitu cha kurekodi maongezi zaidi kuliko muziki. Sisi huku tuliitumia vile ilivyoundwa.

Sasa maoni yangu, ndio mnitukane vizuri. Nikiona mtu wa umri wangu ananunua kaseti za zamani azigeuze taa, pochi, fremu ya kioo au ukuta wa video, sina shida na kaseti ya duka. Kama ni albamu iliyotolewa na kuuzwa maelfu ya nakala, fanya unavyotaka. (Hata hapo ningekuwa mwangalifu. Kuna benga na taarab zilizotoka River Road na Mombasa ambazo leo nakala ni za kutafutwa na tochi, na watu kama Ketebul Music hapa Nairobi wamekuwa kwa hiyo kazi ya kufuatilia muziki wetu wa kale kwa miaka mingi.) Shida yangu ni ile kaseti haina jina. Ile imeandikwa kwa biro kitu kama "Nakuru Des." au haijaandikwa kabisa. Tunaiona ni takataka kwa sababu haina picha ya msanii, na hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna mtu mwingine duniani ana nakala yake. Hakuna shirika litakuja kutafuta sauti ya guka wako. Ni wewe.

Basi, kama kuna boksi kwenu, sikiza.

Kaseti ni plastiki nyembamba sana iliyopakwa unga wa chuma, na huo unga umeshikwa na gundi. Sauti iko kwa huo unga. Upana wa utepe haufiki milimita nne, na kaseti ya dakika sitini, ile C60, ina karibu mita 90 za huo utepe ndani. C90 utepe wake ni mwembamba zaidi ndio utoshe kwa ganda lile lile, na C120 ni kama ngozi ya kitunguu, ikivutwa kidogo inanyooka au inaliwa na mashine. Kwa hivyo kabla ya kucheza chochote angalia imeandikwa ngapi. Kama ni C120, iheshimu.

Maadui ni joto, unyevu, vumbi na sumaku. Joto ndilo liliniua mimi, kwa sababu ule ukuta wangu unapigwa na jua kutoka saa tisa mpaka jioni, na ganda la kaseti linapinda. Watu wengine wanaziweka kwa dashibodi ya gari, ni hiyo hiyo. Unyevu unaleta kuvu. Ukiangalia kwa lile dirisha dogo uone unga mweupe au wa kijivu kwa kingo za utepe, usiicheze. Narudia, usiicheze, kwa sababu itachafua mashine, na mashine itaambukiza kaseti zingine zote. Hiyo itenge kwa mfuko wake wa karatasi mpaka upate mtu anayejua kuisafisha, na usiipulize na mdomo ukivuta hiyo hewa, kuvu si kitu cha kuingiza kwa mapafu.

Sumaku watu wanaiogopa kupita kiasi. Simu yako kwa meza moja na kaseti haitafuta kitu. Lakini usipange kaseti juu ya spika, kwa sababu ndani ya spika kuna sumaku ya ukweli. Umbali wa mkono mmoja unatosha. Mimi, bila shaka, nilikuwa nimeweka spika chini ya ule ukuta, imegusana na safu ya mwisho.

Mahali pazuri ni ndani ya kabati, kwa chumba cha kulala, mbali na jikoni na bafu, mbali na ukuta unaopigwa na jua au mvua. Ziweke kwa vifuko vyao vya plastiki vigumu, kwa sababu vile vimeno vya ndani vinashika magurudumu ya kaseti yasizunguke na utepe usilegee. Zisimamishe kama vitabu kwa rafu, usizilaze moja juu ya nyingine. Kabla ya kuziweka, zungusha mpaka mwisho wa upande mmoja, na kama una subira icheze kwa mwendo wa kawaida badala ya kuikimbiza, utepe utajifunga sawasawa. Boksi la viatu la shosho, ukifikiria, lilikuwa karibu sawa na yote niliyosema: giza, kavu, baridi ya Njoro, zimesimama. Zilikaa pale karibu miaka thelathini bila shida. Kisha nikaja mimi na digrii nusu.

Na kuna wale wa kusema "weka kwa friji." Usiweke kwa friji. Ukiitoa, maji yanatokea juu yake kama yale ya chupa ya soda, na umerudi kwa kuvu. Mfuko wa plastiki uliofungwa hewa isiingie pia unaweza kukuponza kama umefungia unyevu ndani. Kama uko Mombasa au Kisumu, okoa vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, uweke kwa boksi, na ubadilishe mara kwa mara.

Kitu kingine kidogo lakini kikubwa. Juu ya kaseti, upande usio na utepe, kuna vijino viwili vya plastiki. Ukikivunja kimoja, upande mmoja hauwezi kurekodiwa tena. Ukiishika upande A unakuangalia na vijino viko juu, cha kushoto ndicho cha upande A. Vunja vyote viwili leo, kabla hata hujajua kuna nini ndani. Wazazi wetu waliijua hii, na walijua pia kwamba ukiziba hilo shimo na karatasi au selotepu, unarekodi tena bila shida. Tutafika hapo.

Kubandua kaseti kwa ukuta sio mchezo. Gundi ilitoka na rangi ya landlodi na kipande cha ganda. Ile ya kijani ilikuwa imepinda kama chapati, na kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe ushikane na kichwa cha mashine kilikuwa kimetoka, kinachezacheza ndani. Kaseti bila hicho kisponji bado inazunguka, lakini sauti inakuwa ya mtu anaongea akiwa amefunikwa blanketi, halafu inapotea.

Nilienda Luthuli kutafuta fundi. Niliambiwa mara tatu "hizo vitu ziliisha." Ya nne nikapata mzee mmoja kwa kiduka cha kupanda ngazi, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Akaichukua, akaigeuza kwa mwanga.

"Hii ulikuwa unapikia?"

Nikamwambia ukweli. Ukuta, gundi, video.

"Kijana," akasema polepole, "mimi nimeona kaseti imeliwa na panya, imeanguka kwa choo, imekanyagwa na gari. Ya kubandikwa bado."

Lakini alinifundisha. Kaseti nyingi zimefungwa na skrubu tano ndogo. Ukizifungua kwa utaratibu, ganda likiwa limelala mezani, unaweza kuinua magurudumu mawili na utepe wake wote ukauhamishia kwa ganda lingine zima. Ile ya wimbo wa duka ambao hauutaki ndiyo inatoa ganda. Zile hazina skrubu zimegundishwa, hizo zinahitaji mkono wa mtu anayejua kupasua bila kukata. Alihamisha ya guka kwa dakika kumi, akakaza utepe kwa biro, ile ya pembe sita inayotosha shimo vizuri. Mia tano. Ningempa elfu tano.

Alinionya pia kuhusu mashine. Redio kaseti niliyonunua mtumba ilinigharimu elfu mbili na mia tano, na nilikuwa tayari kuingiza guka ndani siku hiyo hiyo. Akanishika mkono. Kwanza safisha kichwa na vyuma vyote vinavyogusa utepe, na pamba ya vijiti na alkoholi ya isopropili. Si ile spiriti ya kupaka kidonda, hiyo mara nyingi imechanganywa na mafuta. Kile kigurudumu cha mpira kipanguse na kitambaa chenye unyevu kidogo, alkoholi ikizidi inakausha mpira. Halafu cheza kaseti ambayo hata ikiliwa hutalia. Icheze pande zote, mwanzo mpaka mwisho. Mashine ikipita mtihani, ndio umpe guka.

Sasa sehemu ambayo sikutaka kuandika. Shosho alikuwa na kaseti mbili za guka, sio moja. Ya pili ilikuwa nyeupe, na ndani yake mama ya guka, aliyekuwa amemtembelea Mombasa, alikuwa amesalimia pia. Yaani sauti ya mtu aliyezaliwa kabla ya gari kufika kwao. Nyeupe ilikuwa moja ya zile tatu nilizovuta utepe. Na kwa sababu ulikuwa mrefu sana ukifika kwa sakafu, niliukata na makasi ndio ukae vizuri kwa fremu. Vipande vilienda na takataka. Ningekuwa nimevikunja tu kwa mfuko, mtu anayejua angeviunganisha, kuna hadi tepu maalum ya kuunganisha. Lakini huwezi kuunganisha kitu kilichoenda Dandora.

Nilimwambia shosho mwenyewe, nikiwa nimeenda Njoro, sio kwa simu. Alinyamaza. Akaniuliza kama nimekula.

Ya kijani tuliisikiza sebuleni kwake: yeye, mzae wangu, na mimi. Nilikuwa nimeunganisha waya kutoka kwa shimo la hedifoni la redio mpaka kwa laptopu, kupitia kale kamashine kadogo ka USB, kwa sababu laptopu nyingi za siku hizi zina shimo moja tu na haliingizi sauti vizuri. Programu ni Audacity, ni ya bure. Nikabonyeza rekodi kwanza kabla ya kubonyeza pleyi. Hii ni muhimu: kaseti mgonjwa inaweza kucheza mara moja tu, kwa hivyo usikae kusema wacha kwanza niskize. Mara ya kwanza ndiyo mara ya kurekodi.

Ikaanza. Rumba.

Dakika ya kwanza rumba, dakika ya tano rumba, katikati mtangazaji wa redio anasoma salamu. Shosho anaangalia spika. Mzae anaangalia sakafu. Dakika ya kumi mzae akasema, "Hiyo ni mimi."

Ilikuwa 1992 hivi, alikuwa kijana wa shule, anapenda muziki, hana pesa ya kaseti mpya. Alichukua moja kwa boksi, akaziba kijino na karatasi, akarekodi redio. Na nataka niseme hapa kwamba simlaumu. Wakati huo guka alikuwa hai. Ilikuwa barua iliyokwisha kusikizwa, ng'ombe waliotajwa washauzwa, karo iliyotajwa ishalipwa. Nani anaweka barua ya mtu anayekuja nyumbani Disemba? Lakini niliona uso wake, na kama nilikuwa nimepanga kumkasirikia, iliisha hapo.

Dakika ya kumi na tisa, wimbo ukakatika. Tak! Kama mlango. Na katikati ya sentensi mwanaume akawa anaongea.

Sitawaambia alisema nini chote. Ni Kikuyu cha polepole, cha mtu aliyechoka, na kwa nyuma kuna treni inapiga honi mara mbili. Zimebaki dakika kumi na moja. Mzae wangu ana umri mkubwa kuliko ule guka alikuwa nao akirekodi, na sauti zao ni moja. Nilifunga macho na sikujua nani ni nani.

Baada ya hiyo siku nilirekodi zile zingine zote zilizobaki. Vitu nilivyojifunza kwa kujikwaa: hifadhi ya kwanza iwe WAV, sio MP3, kwa sababu MP3 inatupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na ukishatupa hairudi. Kwa biti 24 na kilohezi 48, upande mmoja wa C90, yaani dakika arobaini na tano, ni karibu megabaiti 780. Sio ndogo, lakini wewe mwenyewe una video za kucheza densi zinazokula zaidi ya hiyo. Usiondoe ule mvumo wa "shhh" kwa hiyo nakala ya kwanza. Programu za kusafisha zinavutia, unabonyeza tu na sauti inang'aa, lakini zinaondoa pia pumzi, na treni. Safisha nakala nyingine, ya kwanza iache na uchafu wake. Kisha weka mahali patatu, na angalau moja isiwe kwa nyumba moja na zingine. Yangu iko kwa laptopu, kwa diski ya nje iliyo Njoro, na kwa mtandao. Na kaseti yenyewe usiitupe ukishamaliza. Watu wanasikia "dijitali" wanafikiri ni milele, na hao hao walipoteza picha zote za shule ya upili simu ilipoanguka kwa ndoo.

Sauti ikitoka imefifia kama iko chumba kingine, na kisponji kiko sawa, pengine kichwa cha mashine yako kimeinama tofauti na cha mashine iliyorekodi. Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa ya kurekebisha hiyo. Mpe fundi, usijaribu na kisu cha jikoni.

Lakini yote hayo fundi anaweza kukufanyia, au unaweza kujifunza kwa wikendi moja. Kitu ambacho hakinunuliwi Luthuli ni mtu wa kukwambia nani anaongea. Kwa kaseti moja ya shosho kuna wanawake watano wanaimba wakitwanga kitu, wanacheka, mmoja anamwambia mwingine azime hiyo mashine. Mimi niliskia kelele. Shosho alisikia majina matano, na wanne kati yao wamekufa, na akajua hata ilikuwa jikoni kwa nani kwa sababu ya mlango unaolia. Kwa hivyo nilimrekodi yeye akisikiza. Simu mezani, anaongea juu ya kaseti: huyu ni fulani, huyu alihamia Molo, hapa tulikuwa na njaa hiyo mwaka. Kila faili ya kaseti sasa ina faili ya shosho kando yake, na jina linaanza na mwaka, halafu mahali, halafu watu. Utepe uliotunzwa unaweza kuishi miaka mingine thelathini. Shosho ana themanini na moja. Nyinyi mnahesabu saa mbaya mkiangalia kaseti.

Kama unafikiri ni mambo ya ushamba, fikiria Hargeisa. Mwaka 1988 serikali ya Siad Barre ilipopiga mabomu mji wake yenyewe, watu wa redio na wasanii walijua kanda zao zitalengwa. Walizitoa, nyingine wakazificha nje ya nchi, nyingine wakazizika chini ya ardhi. Watu wanakimbia na watoto mgongoni, na kuna mwenye amesimama anachimba shimo la kanda. Miaka mingi baadaye zilifukuliwa, na leo kuna maelfu ya kaseti kwa kituo cha utamaduni pale pale Hargeisa. Wao walikuwa na ndege za kivita juu. Mimi nilikuwa na bunduki ya gundi.

Tangu niseme hii hadithi kidogo kwa video, komenti zimekuwa zile zile. "Weka hiyo sauti ya guka tuskie." "Buda, hiyo ni kontenti safi, utaomoka." Najua. Mimi ndiye wa kwanza kujua, hii ndiyo kazi yangu, na mwezi huu kodi bado sijalipa. Lakini hapana. Guka alilipa nauli ya kaseti badala ya karatasi ndio majirani wasisikie. Siwezi kuwapa nyinyi laki moja kile alichowanyima majirani kumi. Zile za wanawake wakitwanga, shosho amesema niulize watoto wao kwanza, na nimeshapata namba za wawili. Wakikubali mtasikia.

Ukuta wangu sasa ni mweupe, na kuna mabaka kumi na manne landlodi ananidai.

Shosho ana kabambe, ile simu ya vifungo inayochukua memori kadi. Nilimwekea zile dakika kumi na moja za guka, hapo MP3 ikafaa, nikamwonyesha kifungo ni kipi. Nilidhani atalia. Alisikiza mpaka mahali guka anasema yule ng'ombe mwekundu asiuzwe hata iwe nini, yeye atatuma pesa mwisho wa mwezi. Akabonyeza ikasimama, akaniangalia mimi, mzee wake.

"Tulimuuza," akasema. "Hiyo pesa haikufika."

Akabonyeza tena.